Walinzi Wawili kwenye Kompyuta ya Mevlida

Mwangwi wa kuongea kwa kompyuta Mevlida alishauzoea. Unasema "mwanangu," na baada ya kitambo unaisikia "mwanangu" yako ikirudi kutoka Boise, imechoka kidogo, kama imekuja kwa miguu. Mtaa mzima ulikuwa na mwangwi huo na hakuna aliyeujali. Lakini mchana ule wa Januari, theluji imepanda mpaka nusu ya dirisha la chumba cha chini, Mevlida alivuta pumzi ili amuulize binti yake kama amekula, na kabla hajafumbua kinywa, spika zikauliza kwa sauti yake yeye mwenyewe: "Umekula?"

"Nimekula, mama," Elmedina akajibu kwenye skrini, amelala ubavu, hana habari.

Mevlida akalimeza lile neno lake. Akapanda ngazi taratibu, mkono ukutani, akamkuta mumewe Fikret jikoni ananoa kisu.

"Mzee," akasema, "mashine imenitangulia."

"Imekutangulia kwenda wapi?"

"Kusema."

Fikret akacheka mpaka akakiweka kisu chini. "Basi hiyo ni mashine ya kwanza duniani. Mimi miaka yote hii sijawahi kukutangulia."

"Sikutanii, Fikret."

"Ni intaneti hiyo, inachanganya mambo. Kaa nikuchemshie kahawa."

Wanaume, bwana! Mtu anakwambia ameporwa neno mdomoni, wewe unamchemshia kahawa. Mimi nakaa nyumba ya pili kutoka kwao, hapa Bevo, kusini mwa St. Louis, mtaa wetu sisi tuliokuja huku tukikimbia vita, na kahawa ya Mevlida nimeinywa kuliko ya kwangu. Haya nitakayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia Fikret, na mengine alinisimulia Nermin, mkwe wao, ambaye tangu siku ile si mtu wa kutia chumvi tena.

Mevlida na Fikret wana mabinti wawili. Sanela, mkubwa, anakaa karibu hapa na mumewe, huyo Nermin. Elmedina, mdogo, aliolewa na Vedad akamfuata Boise, mbali huko magharibi, ambako ukienda kwa gari lazima ulale njiani. Mimba za Elmedina zilikuwa haziishi. Hii ya sasa ilipojitahidi ikakua, daktari akamwamuru alale kitandani mpaka ajifungue, asinyanyue hata birika. Vedad kutwa yuko kazini. Mevlida alikuwa amepasuliwa nyonga, safari haiwezi. Ikabaki kompyuta. Kila asubuhi mama anashuka chini, anakaa kwenye kiti chenye mto, anashinda na binti yake: anamwimbia, anamsomea, anamsuta, anampa habari za nani kaolewa na nani karudishwa kwao. "Mama," Elmedina alikuwa akimwambia, "sauti yako ndiyo inayomshikilia huyu mtoto." Naye Mevlida aliamini hivyo hivyo. Aliamini kwamba siku sauti yake ikikatika, mjukuu naye atakwenda walikokwenda wenzake.

Sasa hiyo kompyuta yenyewe. Vedad ni fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja huko, na alipokuja Idi aliiwekea antivairasi, pamoja na ukuta wake, yaani ile programu inayokaa mlangoni kumuuliza kila anayetoka na anayeingia. Alama yake ilikuwa ngao ya kijani pale kwenye kona ya skrini, karibu na saa. Nermin akasikia. Nermin hawezi kusikia kitu cha Vedad akatulia. Akaja na boksi linalong'aa, antivairasi nyingine, nayo ina ukuta wake, alama yake ngome ya manjano.

"Hiyo ya Vedad ni ya bure, baba," akasema. "Hii mimi nimeinunua."

Hiyo ya pili, wakati inaingizwa, iliandika waziwazi: ondoa kwanza ile nyingine. Na kila mwenye kuzijua mashine hizi anajua kwa nini. Ukiweka walinzi wawili kwenye mlango mmoja, kila mmoja anamwona mwenzake anapekuapekua vitu vya ndani, anadhani ndiye mwizi, wanakamatana mashati, na mlango unabaki hauna mtu. Fikret alilisoma lile onyo. Alilielewa. Lakini utaondoaje zawadi ya mkwe? Kwetu mkwe akikuletea soksi, unazivaa mbele yake hata kama zinabana.

"Nikiitoa ya Vedad, Elmedina atalia, na kulia amekatazwa," alimwambia mkewe. "Nikiitoa ya Nermin, Nermin hatakanyaga hapa, na nyama ya kukausha nitaitundika na nani? Ziache zote. Nyumba ikiwa na walinzi wawili kuna ubaya gani?"

Ubaya ulianza kuonekana kidogo kidogo. Mashine ikawa nzito, kuwaka tu inakutosha kukanda unga. Ngao inapiga kelele kwamba ngome ni hatari, ngome inapiga kelele kwamba ngao ni hatari. Na maswali! Programu fulani inataka kutoka: ruhusu au zuia? Fulani inataka kuingia: ruhusu au zuia? Kila swali linaulizwa na huyu, kisha linaulizwa na yule. Mevlida alikuja mwanzoni akaniuliza mimi maana ya yale maneno, nami nikamwambia, bofya tu "ruhusu" yaishe. Nani asiyefanya hivyo?

Siku ya kosa lenyewe, Fikret alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanda chake cha kukaushia nyama kwa moshi. Mevlida alikuwa chini, na Elmedina kwenye skrini akanyamaza ghafla katikati ya maneno, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nimeona damu." Na papo hapo picha ikaganda. Uso wa mwanawe umeganda na mdomo wazi, na kule kwenye kona ngao imekuwa nyekundu na ngome imekuwa nyekundu, kila ukuta umeufungia mwenzake na umefunga kila kitu.

"Elmedina! Elmedina!" Anabofya hiki, anabofya kile, kimya.

Kisha kikatokea kisanduku kimoja. Hakikuwa na ngao wala ngome. Pale juu panapoandikwa jina la programu palikuwa peupe. Chini yake: anataka kuingia, ruhusu au zuia? Na chini kabisa, kile kiboksi kidogo cha kutia alama: kumbuka jibu hili daima. Mevlida hakungoja. Alibofya kuruhusu, akatia na alama ili asiulizwe tena, na mdomo wake, uliozoea kumwitikia kila anayegonga kabla ya kujua ni nani, kama tulivyo sote mtaani humu, ukasema kwa nguvu: "Karibu, karibu, ingia jamani!" Hata Bismillahi hakusema.

Picha ikarudi pale pale, safi kuliko siku zote. Elmedina alikuwa analia na kucheka. Amempigia simu nesi, nesi amesema ni tone tu, atulie. Ngao ya kijani, ngome ya manjano, kila kitu kiko sawa. Mashine ikawa nyepesi. Kitu kimoja tu, kulikuwa na harufu kidogo ya nywele zilizoungua, na Mevlida alidhani inatoka kwenye kibanda cha mumewe.

Siku chache baadaye ndipo mashine ilipomtangulia kusema.

Ikaendelea hivyo. Leo inamtangulia neno, kesho sentensi nzima. Na kila neno lililotangulizwa, Mevlida akitaka kulisema mwenyewe linatoka limekwaruza. Tukadhani mafua. Nikampelekea asali na limau, Sanela akampeleka hospitali, wakamwingiza kamera kooni, daktari akasema koo ni safi kama la mtoto mchanga, apumzike asiseme sana. Asiseme sana! Mwishoni mwa juma lile alikuwa hasemi kabisa, ananong'ona tu, na mnong'ono wenyewe lazima umsogezee sikio mdomoni.

"Basi pumzika, usishuke chini," Fikret akamwambia.

Akatikisa kichwa. "Mtoto," akanong'ona.

Siku Fikret alipoacha kucheka ilikuwa mchana kweupe, jua linametameta kwenye theluji. Alikuwa anatoka kibandani na paja la nyama begani, akafungua mlango wa nyuma, akasikia mkewe anaongea kule chini, anaongea vizuri, sauti nzima, anacheka kile kicheko chake cha kukatakata, na moyo wa Fikret ukajaa furaha, akasema Alhamdulillahi, amepona, akavua viatu, akapita jikoni ili ateremke kumkumbatia, na hapo jikoni akamkuta Mevlida amesimama kwenye meza, mikono imejaa unga, unga wa pita, ule mkate wetu mwembamba wa kujaza nyama, ameutandaza mpaka pembeni mwa meza, mdomo ameufumba, macho ameyatuliza sakafuni, anasikiliza. Paja likamtoka begani. Sauti kule chini ikaendelea kucheka.

"Mevlida," akanong'ona, "nani yuko chini?"

Yeye akajishika koo.

Walishuka pamoja, mume mbele, mke amemshika shati kwa nyuma, na kadiri walivyoshuka ndivyo harufu ya nywele zilizoungua ilivyozidi, na ile feni ya kompyuta ilikuwa inavuta hewa na kuitoa, inavuta na kuitoa, polepole, kama mtu aliyelala chali, na kwenye kiti hakukuwa na mtu, lakini mto ulikuwa umebonyea, na ubonyeo ule ulikuwa unahama kidogo kidogo kama mtu anayejiweka sawa, na kwenye skrini alikuwapo Elmedina, anatabasamu, anakitazama kile kiti kitupu.

"Mama, kamera yako leo imeharibika, naona giza tu," alisema. "Lakini endelea, nakusikia. Ikawaje yule bibi harusi?"

Na sauti ya Mevlida ikaendelea na hadithi ya yule bibi harusi.

"Elmedina!" Fikret akapiga kelele mbele ya kamera. "Elmedina, ni mimi, baba!"

Binti hakusikia. Alicheka mahali pa kucheka. Fikret akachomoa waya wa umeme ukutani, skrini ikazima, na ndani ya kile kimya sauti ikamalizia sentensi yake mpaka mwisho, bila haraka.

Jikoni, Fikret alinyanyua simu ampigie Boise, Mevlida akamnyang'anya. Akamvuta sikio karibu. "Ukimtisha," akanong'ona, na kila neno lilimtoka kwa shida, "mtoto ataanguka." Na kweli. Utamwambia nini mwanamke aliyelazwa, ambaye daktari amekataza hata mlango usibamizwe karibu naye? Kwamba anayemwimbia si mama yake? Fikret akairudisha simu mahali pake, akakaa kwenye kiti, akalia. Mzee yule amevuka vita na hakulia, nawaambia.

Akaitwa Nermin. Akaja na begi lake, akavua viatu mlangoni, akatamba kidogo kama kawaida yake. Hakuambiwa lolote la sauti. Aliambiwa mashine inasumbua. Akaichomeka, akaiwasha, akatazama ile kona ya skrini.

"Baba, hii ngao bado iko hapa? Sikukwambia uitoe?"

"Mkwe mwenzio aliiweka."

"Ndiyo maana! Antivairasi mbili! Kuta mbili! Baba, hizi zinalana."

Akampigia Vedad kazini kwake, na Vedad naye hakukubali. Wakarushiana maneno. "Toa yako," "toa wewe yako ya kichina," "yangu nimeilipia," "umelipia takataka." Mevlida amesimama nyuma ya Nermin na unga mikononi, anawasikiliza kama anayetazama watu wanaogombania mwavuli na nyumba inaungua. Mwisho Vedad akasema, akisikika amechoka: "Sikiliza, Nermin. Chomoa kebo ya intaneti. Iwashe kwa hali ya tahadhari. Ziondoe zote mbili mpaka mizizi, kisha tazama orodha ya ruhusa, ufute kila usichokijua. Halafu weka moja. Weka hiyo yako, sitaki ugomvi." Ilikuwa mara ya kwanza Vedad kumpa Nermin haki, na Nermin alifurahi hata akasahau kumuaga.

Alifanya yote sawasawa. Kebo akachomoa. Akaondoa ngao, akaondoa ngome, akazima, akawasha. Kabla ya kuziondoa alikuwa ametazama ruhusa za kila moja, na mwisho kabisa wa zote mbili kulikuwa na mstari mmoja mtupu, hauna jina, hauna faili, umeruhusiwa daima. Aliufuta. Ukarudi. Aliufuta tena, ukarudi. Sasa kuta zote hazipo, orodha zenyewe hazipo, na ule mstari mtupu uko katikati ya skrini, peke yake, umeruhusiwa daima.

"Faili limeharibika," Nermin akasema, lakini sauti ilishamnyauka. "Mama, ulibofya nini humu?"

"Nermin, mwanangu," akajibiwa, "utakunywa kahawa?"

"Baadaye, mama," akasema, anabofya. Kisha akahisi kitu. Mama mkwe wake alikuwa amesimama kushoto kwake, na sauti ilikuwa imetoka mbele. Akageuka akamwona Mevlida amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, unga umemganda usoni, machozi yanachimba njia kwenye unga. Akageukia mashine. Kebo ilikuwa sakafuni, imeviringika mbali na tundu lake.

"Nimekuwekea na sukari," sauti ikasema, kwa upole. "Karibu, mwanangu. Sogea."

Nermin anasema feni ilivuta pumzi ndefu na nywele za mkono wake zikalala kuelekea kwenye mashine, na kwamba alihisi kitu kooni, kama mtu amemwekea kidole ndani kupima upana. Hakusubiri. Nilikuwa dirishani kwangu. Nilimwona mkwe wa watu anatoka mbio na soksi kwenye theluji, viatu kaviacha mlangoni, begi kaliacha, anakwenda mpaka kwenye kona ya barabara na anazidi kwenda. Mungu anisamehe, nilicheka. Sikujua.

Ndipo siku ile ile Sanela akamleta Bibi Shefika. Mnaomjua mnamjua: mama mnene, sigara haimtoki, mkali kama karani wa uhamiaji, lakini kwa kumtoa mtu hofu kwa kuyeyusha madini ya risasi hana mfano hapa mjini. Alidai mezani tasa la maji, na jiko liwashwe, na mtu mmoja wa kushika tasa. Huyo mtu nilikuwa mimi. Kahawa ilishachemshwa, ikakaa kwenye sinia ikimsubiri amalize, maana hanywi kabla ya kazi.

Akamkalisha Mevlida, akamfunika kichwa kitambaa chekundu, akasoma alichosoma, akayeyusha kipande cha risasi kwenye kijiko kirefu mpaka kikawa kinatetemeka kama maziwa, nami nikalishika tasa juu ya kichwa cha mgonjwa, mikono inaniuma, naye akamimina. Kawaida risasi ikiingia majini inapiga kelele na inaganda miiba miiba; yeye anaitazama ile miiba anakwambia hofu yako imetoka wapi. Safari hii haikupiga kelele. Iliteleza ndani ya maji kimya kimya ikaganda duara, laini, lenye tundu katikati, kama mdomo wa mtu anayesema "oo." Akayeyusha tena, akamimina tena, likawa lile lile. Mara ya tatu tundu lilikuwa kubwa zaidi, na ndani ya maji ya tasa, hapo kwenye mikono yangu, nikasikia kitu kinavuta pumzi.

"Nani alimwambia karibu?" Bibi Shefika akauliza.

Mevlida akanyanyua kidole chini ya kitambaa.

"Kwa mdomo wako?"

Akaitikia kwa kichwa.

Bibi Shefika akakaa. Akapangusa jasho. "Mwanangu, huyo hakuvunja mlango," akasema polepole. "Ameitwa. Aliyevunja, mimi namtoa kwa kusoma. Aliyeitwa anatolewa na mwenye kumwita, kwa sauti ile ile aliyomwitia. Mwambie toka. Sauti itoke, siyo mnong'ono. Jaribu, mama. Jaribu sasa hivi."

Jamani, yule mwanamke alijaribu. Alishika meza, mishipa ya shingo ikamsimama, uso ukawa mwekundu kuliko kile kitambaa, Fikret anamwambia "sema mke wangu, sema roho yangu, neno moja tu," na Sanela analia, na mimi nashika lile tasa nikiomba kila dua niliyofunzwa utotoni, na kinywa cha Mevlida kikafumbuka, kikafumbuka zaidi, tukauona ulimi unanyanyuka kulitafuta lile neno, na kutoka chini, kupitia sakafu, sauti yake ikasema, kwa furaha kabisa, kama siku zote alivyotupokea sisi sote mlangoni pale:

"Karibu!"

Bibi Shefika akakusanya vitu vyake. Akafunga kijiko ndani ya kitambaa. Kahawa hakuigusa, na kwa kweli hapo ndipo nilipoishiwa nguvu, maana sijawahi kumwona akiondoka nyumba ya mtu bila kunywa.

"Tukiivunja mashine je?" Fikret akamuuliza mlangoni.

"Sauti yake itakwenda na aliyeichukua. Huipati tena."

"Na tukiiacha?"

"Ukiiacha ataendelea kuongea na mwanao." Akawasha sigara. "Nisamehe, Fikret. Sina kitu."

Tulirudi jikoni. Fikret hakuweza kumtazama mkewe. Alikuwa anauliza bila kuuliza. Mevlida akasimama, akanawa unga mikononi, akaipangusa vizuri kidole kimoja kimoja, akaenda kwenye mlango wa nyuma, akachukua shoka la kupasulia kuni za kibandani, akamwekea mumewe mikononi. Akamshika shavu. Hivyo tu. Mama amechagua mjukuu.

Fikret aliibeba ile kompyuta kifuani mpaka uani, anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, na njia nzima ilikuwa inamsemesha kwa sauti ya mkewe, ile ya ujana, mambo ambayo hajanieleza na sitamuuliza. Aliivunja mpaka vipande vikawa vidogo kuliko kiganja. Akaviwasha moto. Na sauti ikakatika. Harufu nayo ikakatika. Ndani ya nyumba kukawa kimya cha kawaida, friji linanguruma, theluji inadondoka kutoka kwenye paa. Tulikaa sote jikoni tukinywa ile kahawa iliyopoa, na Mevlida alitabasamu kidogo, akaonyesha tumbo lake kwa mkono, akafanya alama ya mtoto mkubwa. Tukacheka. Tukasema tutampigia Elmedina kwa simu, tumwambie mama yake ana mafua makali, hawezi kuongea, ila baba yake na dada yake watamwimbia wao, hata kama vibaya.

Simu ikalia kabla hatujainyanyua.

"Baba!" Nilimsikia Elmedina tangu nilipokaa. Alikuwa na furaha, lakini sauti imemkwaruza. "Baba, nashukuru Mungu mama amerudi kuongea! Ni kitambo sasa tunaongea."

Fikret akashika meza. "Mnaongea kwa kitu gani, mwanangu? Kompyuta yetu haipo."

"Kwa hii yangu. Imeniuliza kama namruhusu aingie, nikambofyea. Vedad ameniwekea ukuta mpya, unauliza maswali kama polisi."

"Paliandikwa jina gani?"

"Hapakuwa na jina, baba. Lakini nilimsikia anaita. Nitamzuiaje mama yangu?" Akakohoa. "Samahani, koo linanikauka leo, sijui mafua gani haya. Sauti yenyewe haitoki."

Mevlida alikuwa ameshafika. Alimpokonya mumewe simu, akaibana sikioni kwa mikono miwili, akafumbua kinywa. Tulimwona anaita jina la mwanawe. Tuliliona jina lote kwenye midomo yake, mara moja, mara mbili, mara nyingi, na hakikutoka kitu ila hewa.

"Baba?" Elmedina akasema. "Baba, nani huyo anayepumua kwenye simu?"

Mevlida akaita tena.

"Baba, mbona unanitisha? Nani huyo?" Kisha akageuka pembeni, tukamsikia anamjibu mtu mwingine pale chumbani, kwa ile sauti yake iliyobaki: "Sijui, mama. Ni mtu tu anapumua." Akatusikiliza kidogo tena.

"Ngoja nikate, baba," akanong'ona. "Mama ananiita."